Fundi Kwanza, Taka Baadaye

Wazee wangu, mafundi, walimu wa skuli, na nyinyi vijana mliozitandika kazi zenu barazani tangu asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya maonesho ya muda, haya ya kufunguliwa asubuhi na kukunjwa jioni, yanayokusanya kazi zilizotengenezwa kwa vitu vilivyokwisha kutumika: chupa, makopo, ndara, nyavu, matambara, mbao za vyombo vilivyokufa. Walionialika nadhani walitaraji nihimize usafi. Sitohimiza usafi. Watu wa manispaa wapo, na wao wanalijua jaa la Kibele kuliko mimi. Langu ni moja, nalo huenda likawaudhi baadhi yenu: kazi iliyotokana na taka isisamehewe kwa kuwa imetokana na taka. Ipimwe kama mnavyoupima mlango wa kuchonga au kofia ya viua. Imeshikana? Mshono umekaa? Ukishaitazama mara moja, jicho linataka kurudi?

Nasema hivi kwa sababu maonesho ya namna hii yana tabia ya kugeuka hotuba. Anatundikwa samaki wa chupa za plastiki, pembeni yake kasa wa mifuko, kule mti wa makopo, na ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba tuilinde bahari. Mtazamaji anatikisa kichwa, anapiga picha, anakwenda zake. Hakuna aliyeinama kuangalia kiungo, wala aliyeuliza kazi ni ya nani. Jioni yule samaki anarudi alikotoka, safari hii amepakwa rangi na kumwagiwa gundi, kwa hivyo hata muokota chupa hamtaki tena. Tumeichukua taka iliyokuwa na mnunuzi, tukaifanya taka isiyo na mnunuzi, na tukapigiwa makofi.

Kinyume cha samaki huyo kilitia nanga hapa kwetu Februari 2019. Wengi wenu mnakikumbuka: kile chombo cha rangi nyingi kilichoitwa Flipflopi. Kilijengwa Lamu, kikashushwa majini Septemba 2018, na Januari iliyofuata kikaanza safari ya kilomita kama 500 kuja Mji Mkongwe. Mabaharia wake walikuja na kaskazi, kama walivyokuja wote kabla yao. Njiani walisimama katika miji ya pwani ya Kenya, na kila waliposimama pwani iligeuka ukumbi: watoto wa skuli, wavuvi, viongozi, kina mama, wote wamekizunguka chombo kwa saa chache, kisha kikatweka. Sijui maonesho mengine ya muda katika ukanda wetu yaliyofanyika kwa njia hiyo, ambapo ukumbi na kinachooneshwa ni kitu kimoja na vyote viwili vinaondoka na upepo.

Wazo lilikuwa la Ben Morison na wenzake. Kazi ilikuwa ya Ali Skanda, fundi wa vyombo wa Lamu, na mafundi aliokuwa nao. Hapa naomba nikae kidogo, kwani magazeti yaliandika sana juu ya plastiki na kidogo juu ya ufundi.

Plastiki kama tani 10 ziliokotwa pwani na mitaani, zikachambuliwa, zikasagwa, zikayeyushwa na kukamuliwa zikatoka mkuku, mataruma na mbao. Mpaka hapo ni kazi ya mashine. Halafu fundi anaingia na msumeno na tezo, na anakuta kitu ambacho mikono yake haikijui. Mti una nyuzi. Fundi anayetafuta taruma huingia msituni au shambani akatafuta tawi lililopinda lenyewe, akalikata kwa kufuata lilivyokua, na nguvu ya chombo ikatoka katika kule kukua. Plastiki haijawahi kukua. Haina tawi wala haina ndani na nje. Ukiiweka juani inalegea, ikipoa inarudi kwa namna yake. Mti ukilowa hufura, viungo vikabanana vyenyewe, kalafati ikakazwa na maji yale yale yanayotaka kuingia. Plastiki haifuri. Uwazi ulioachwa na fundi siku ya kwanza utabaki vile vile mpaka chombo kife. Kwa hivyo aliyejenga chombo kile hakuwa na msaada aliouzoea baba yake na babu yake, msaada wa bahari kumfichia kosa dogo.

Nje kikavishwa ndara takriban 30,000, zilizookotwa pwani. Hizo ndizo zilizopigwa picha. Ukiniuliza mimi, ndara zile zilikuwa zumari ya mwitaji, zikawatoa watu majumbani. Ngoma yenyewe ilikuwa ndani, kwenye mataruma. Lakini siwalaumu waliozibandika. Mtoto wa darasa la tatu hatoki mbio kwenda kutazama taruma.

Basi mnaona kwa nini chombo kile hakikuhitaji maandishi ukutani. Hakimu wake alikuwa bahari, na bahari haiulizi mbao imetoka msituni au jaani. Hakimu wa pili walikuwa wazee wa pwani, wanaojua kukitazama chombo kikiwa mbali wakakuambia omo yake imeinuka mno. Kikaelea, kikafika. Miaka miwili baadaye, Machi 2021, kikawa Ziwa Viktoria, kikitoka Kisumu kwenda Uganda na Tanzania. Kingevunjika pale Wasini au kikazama mkondo wa Pemba, tani 10 za plastiki zingerudi baharini, na maelezo yote mazuri yasingekuwa na maana.

Wengine mtasema: huyo ni Skanda, na nyuma yake walikuwapo wafadhili na Umoja wa Mataifa. Sisi tuna kisu, waya na kopo. Sawa, tuzungumze kopo.

Waliokuwa watu wazima kabla ya umeme kufika vijijini wanakijua kibatari. Fundi bati huchukua kopo la maziwa, akalikata, akaweka mfuniko wenye mrija mwembamba wa kupitisha utambi, akatia mkono wa kushikia, akaunganisha kwa lehemu. Kitu kidogo cha bei ndogo, kimefanywa kwa kopo ambalo mwenye duka alikwisha kulitupa. Lakini ndani yake kuna mafuta ya taa na juu yake kuna moto, na baina ya viwili hivyo hakuna kitu ila mshono wa yule fundi. Ukivuja, nyumba ya makuti imekwenda. Huyo naye alikuwa na hakimu mkali, na alishinda kesi yake kila usiku katika maelfu ya nyumba za Unguja na Pemba. Hakuna aliyemwita msanii, na hakuna aliyeandika jina lake kwenye kibandiko. Vivyo hivyo mshona makatambuga aliyekata tairi la lori likawa kiatu, na mtoto wa Makunduchi aliyefanya gari kwa kopo la dagaa na magurudumu ya soli ya ndara. Gari likikataa kwenda moja kwa moja, wenzake walimcheka mpaka akalirekebisha.

Lina uchungu wake jambo hili, na sitaki tulipite haraka haraka. Mtu wa kwetu alipotumia tena kitu kwa sababu hana kingine, tuliita umasikini. Kitu kile kile kikifanywa leo kwa ajili ya kuuzwa katika duka la Mji Mkongwe, kwa mgeni, tunakiita ubunifu na kukifungulia maonesho. Nisingependa tuache kuuza. Ningependa pakiwa na maonesho ya mtaa, yule fundi bati aalikwe, kama yu hai, akae kiti cha mbele, na kibatari chake kiwe katikati ya meza pamoja na kazi za vijana. Nina hakika kitawatoa jasho wenzake wengi.

Nje ya vyombo na vibatari, je? Kazi isiyoelea wala kubeba mafuta, ya kutazamwa tu, nani hakimu wake? Hili ndilo swali gumu, na jawabu lake nimelipata kwa watu wa mbali kidogo. El Anatsui, Mghana aliyeishi na kufanya kazi Nsukka, Nijeria, alikusanya vifuniko vya chupa za pombe kwa maelfu, akavibonda bapa, akavikunja na kuviunganisha kwa waya wa shaba kimoja kimoja mpaka vikawa kama nguo kubwa inayoning'inia ukutani na kujikunja. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake yote, na mwaka 2023 kazi yake ikatundikwa katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London. Anayeingia huona kwanza kitambaa cha kifalme, dhahabu na nyekundu. Akisogea ndipo anapogundua kuwa ni vifuniko. Ufundi umetangulia, taka imefuata. Cyrus Kabiru wa Nairobi hufanya miwani kwa waya, vijiko na mabaki ya vyuma, na anayeivaa huonekana mtu mwingine kabisa; ni baadaye, ukimkaribia, ndipo unapouliza kile kilichokaa juu ya jicho kilikuwa nini zamani. Samaki wetu wa chupa mpangilio wake ni wa kinyume. Unaona chupa mita 20 kabla hujafika, ukifika hakuna kilichobaki cha kuona.

Hapa Tanzania tuna mfano wa karibu zaidi, na umetuzunguka vichochoroni mpaka hatuuoni. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alichukua vipande vya ubao mwembamba wa dari, wa ujenzi, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Rangi ile inang'aa na hukauka ngumu. Haikubali kuchanganywa kwa upole kama rangi ya maji, basi ikamlazimisha mistari safi na uwanja mmoja wa rangi nyuma ya mnyama. Kwa maneno mengine, vifaa vya watu wa kazi nyingine vilishiriki kuutunga mtindo. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Watu walimnunua kwa sababu chui wake alikuwa chui. Hakuna aliyemnunua ili kuuokoa ubao.

Sasa niseme jambo ambalo vifaa vipya haviwezi kulifanya kabisa, nalo lipo hapa mjini, Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Wamisionari wa Kiingereza wakajenga kanisa mahali pale. Ndani mna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Nje, ndani ya shimo, wamesimama watu watano waliochongwa na Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, mwaka 1998. Sanamu zenyewe ni za saruji, na saruji ni kitu cha dukani. Minyororo ya shingoni siyo. Ile ni minyororo ya kweli ya enzi za utumwa. Mgeni asiyeambiwa anaweza kupita akitazama nyuso. Akishaambiwa, macho yanashuka shingoni na hayapandi tena. Chuma kipya kingeweza kutoa umbo lile lile. Kisingeweza kuwa kiliwahi kumfunga mtu.

Ndipo nawauliza vijana: katika vitu mlivyookota, kipi kimewahi kufanya kitu? Mbao ya jahazi lililokufa ina matundu ya misumari yaliyozungukwa na weusi wa kutu, ina chumvi ndani, ina upande ulioliwa na funza wa baharini. Maseremala wa mji huu na wa Lamu hufanya vitanda, meza na fremu kwa mbao hizo, na aliye hodari huyaacha matundu yaonekane pale yanapotakiwa. Au tazameni pwani ya mashariki. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mnamo 1989, na tangu hapo wanawake wamefunga mche mmoja mmoja kwenye kamba kwa vijikamba vya plastiki, bamvua kwa bamvua, wakiwa wameinama majini. Vijikamba vilivyochakaa vimejaa pwani. Kila kimoja kimefungwa na kidole cha mtu. Kijana atakayesuka kitu kwa vijikamba hivyo, asuke vizuri, ana jambo mkononi mwake ambalo hata Anatsui hana. Ama chupa iliyonunuliwa wiki iliyopita ili ikatwe kwa ajili ya maonesho, hiyo siiti kitu kilichotumika. Hiyo imeharibiwa tu.

Juu ya chupa, neno moja la biashara. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000, na wengi wao hunywa kitu kilichokuja ndani ya kioo. Kisiwani hapana tanuri la kuyeyushia vioo. Kiwanda cha chupa kiko Dar es Salaam, ng'ambo ya mkondo, na kuusafirisha mzigo mzito usio na thamani hakumlipi mtu. Ndiyo maana karakana kama Chako, inayokata chupa za mahoteli ikafanya bilauri na taa, ina maana yake. Angalieni kazi zao kwa jicho la fundi: ukingo wa bilauri umesuguliwa mpaka mdomo haukatiki. Kazi yote iko pale ukingoni.

Najua nitaulizwa: na ujumbe je? Bahari ichafuke hivi hivi? Wazee wangu, Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Kenya ilifuata Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tulitangulia, na hatukutangulia kwa samaki wa chupa. Tulitangulia kwa sheria, kwa forodha, kwa mtu aliyesimama bandarini akafungua mzigo. Zile tani 10 za Flipflopi zinasikika nyingi. Taka za mji huu za siku moja zinazizidi mara nyingi. Sanaa haiwezi kulipunguza jaa, na ikidai kuwa inaweza, inaidanganya hadhira na inampa mwenye kiwanda nafasi ya kuvuta pumzi. Inachoweza ni kumfanya mtu asimame mbele ya kitu alichokuwa amekwisha kukitupa akaona bado kina umbo, uzito, historia. Kwa hilo tu, kazi mbovu haifai.

Limebaki la namna ya kuyafanya maonesho yenyewe, na hapa Mji Mkongwe una neema ambayo hatukuifanyia kazi. Mabaraza yamejengwa yakiegemea kuta za nyumba, kwa ajili ya kukaa, kunywa kahawa na kutazama wapitao. Kazi ikiwekwa juu ya baraza, mpita njia na kazi wanakuwa uso kwa uso, kwa kuwa kichochoro hakimruhusu kukaa mbali. Wala hapatakiwi msumari. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Msumari unazibomoa, saruji inazikosesha pumzi, na tangu mji uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 kila ukuta una mwenye kuuliza. Maonesho ya siku moja yanaingia na kutoka bila kuacha tundu. Ngome Kongwe nayo ni mahali pazuri. Waomani walipoijenga baada ya kuwatoa Wareno, mabaki ya kanisa la Wareno yaliingia katika kuta zake, kwa hivyo vitu vilivyotumika si wageni mle. Ila Ngome ina lango, na lango humchuja mtu. Mama anayetoka Darajani na kikapu chake haingii langoni. Barazani atasimama.

Vibandiko viwepo, vidogo. Jina la fundi kwanza, halafu kitu kilikuwa nini, halafu kimetoka wapi: nyavu za Kizimkazi, mbao za jahazi lililofia Malindi, kopo la jikoni kwa bibi. Basi. Pasiwe na nasaha. Watu waruhusiwe kushika, kwani mafundi wetu hutazama kwa vidole. Kitakachovunjika mkononi kiondolewe mezani bila ugomvi, na mwenyewe akaanze upya.

Na gundi, tafadhali, tuipunguze. Fundi wa jahazi hutumia msumari unaong'oka, mshona mkeka hutumia ukili unaofumuka, Anatsui hutumia waya. Chombo kikifa, mbao zinatoka zikiwa mbao. Kazi iliyofungwa, kushonwa au kupigwa misumari, maonesho yakiisha na mnunuzi asipatikane, hufumuliwa, na kopo likarudi kuwa kopo, waya ukarudi kuwa waya, tayari kwa mwezi ujao. Iliyogandishwa kwa gundi imekwisha, haina njia ila Kibele. Naona baadhi ya vijana wanatazamana. Ndiyo, nimepita barazani kabla sijaingia, na harufu nimeisikia.

Jua lingalipo. Maswali kwangu yangoje kidogo. Naomba mafundi watangulie kutoka, wale wa vyombo na wale wa bati, na mabibi wanaoshona kofia. Zishikeni kazi, vuteni viungo, zipindueni muone chini yake. Vijana, simameni karibu na kazi zenu, muwajibu.